Tochi na betri za lithiamu: maswali ninayoulizwa kila siku mezani kwangu Mwanga, Kigoma

Natengeneza tochi, redio na vifaa vidogo vya sola hapa Mwanga, Kigoma mjini. Siku hizi karibu kila anayesimama mbele ya meza yangu ana haja moja: amechoka na betri za kutupa, anataka lithiamu ya kuchaji. Ni uamuzi mzuri na ninaufurahia. Lakini vilevile ninaletewa tochi zilizoyeyuka, taa zilizoungua siku ya kwanza na betri zilizokufa ndani ya mwezi. Nikiuliza imekuwaje, mara nyingi nakuta mwenyewe aliishi na lithiamu kwa mazoea ya betri kavu, au kwa mazoea ya zile tochi za kuchomeka ukutani. Hizi ni betri tatu tofauti na kila moja ina tabia yake. Maswali nimeyaacha kama mnavyoyauliza.

Lithiamu moja inawaka muda mrefu kuliko betri kubwa mbili?

Kwa chaji moja, si lazima. Lithiamu iliyozoeleka kwenye tochi ni ile ya mviringo yenye namba 18650: unene milimita 18, urefu milimita 65. Ikiwa ya kweli, yenye 2500 mAh (kipimo cha ujazo wa betri), inabeba umeme wa wati-saa 9 na kidogo, yaani taa ya LED ya wati 1 inawaka karibu saa nane. Betri kubwa mbili mpya, kwenye taa isiyokula sana, zinaweza kufika hapo na hata kupita. Ila hizo zikiisha zimeisha. Lithiamu unairudisha kwenye chaja, na ikitunzwa inakubali kujazwa mara 300 hadi 500 kabla hujaona imepungua sana.

Kuna tofauti nyingine utakayoiona kwa macho. Betri kavu inaanza na volti 1.5 na kushuka taratibu tangu usiku wa kwanza. Kwenye tochi ya globu unaona kabisa: leo mwanga mweupe, keshokutwa wa njano, halafu mwekundu kama kaa linalozimika. Lithiamu iliyojaa ina volti 4.2, inashuka hadi 3.7 hivi na kukaa hapo muda mrefu. Uzito nao si haba. Betri kubwa moja inakaribia gramu 100, lithiamu ni gramu 45 hivi.

Kwa pesa, nitaokoa kweli?

Inategemea unawasha kiasi gani. Chukua daftari, andika jozi unazonunua kwa mwezi, zidisha kwa bei ya dukani kwako, halafu linganisha na bei ya lithiamu nzuri pamoja na chaja yake. Mvuvi, mlinzi, dereva wa boda, mama anayeuza samaki jioni, hawa gharama yao inarudi mapema. Umeme wenyewe hauumizi: kujaza 18650 moja, pamoja na unaopotea kwa joto, kunakula kama wati-saa 12, kwa hiyo uniti moja ya luku inaijaza mara 80 hivi. Kama unalipia kibanda cha kuchajia simu, ongeza ada hiyo kwenye hesabu.

Bibi anayewasha tochi dakika tano tu usiku akienda chooni, mimi simsukumi kubadilisha. Nitamwambia tu azitoe betri kavu zikichoka, maana ganda lake la zinki ndilo linaloliwa umeme unapotoka. Mwishowe linatoboka, maji yake yanavuja na kula springi ya tochi.

Naweza kutumbukiza lithiamu kwenye tochi yangu ya zamani?

Hili ndilo swali lenye hasara nyingi, kwa hiyo twende nalo polepole. Jambo la kwanza la kutazama ni volti, umbo linafuata.

Tochi ya betri mbili imetengenezwa kwa volti 3. Ukiiwekea lithiamu moja iliyojaa unaipa 4.2. Globu itang'aa vizuri sana kwa muda mfupi halafu itakatika. LED isiyo na kidhibiti itapata moto na kufifia moja kwa moja. Ukiweka lithiamu mbili kwa mfuatano, unaipa 8.4. Hapo hata mlango wa nyuma hujamaliza kuufunga, taa imeshaungua.

Tochi ya betri tatu ni habari nyingine. Tatu mpya zinatoa 4.5, kwa hiyo lithiamu moja inaingia ndani ya kiwango ambacho taa imekizoea. Zitazameni zile tochi za kuvuta lenzi mbele na nyuma: ndani kuna kikapu cha plastiki cha betri tatu ndogo za rimoti, na mara nyingi kwenye boksi mlikuta pia bomba jeupe au jeusi la plastiki ambalo hamkujua ni la nini, mkalitupa. Bomba hilo ndilo gauni la 18650. Unatoa kikapu, unavalisha lithiamu bomba, unaiingiza, basi. Kabla ya kununua tochi nyingine, fungua hiyo uliyonayo utazame. Nimewarudisha watu nyumbani na pesa zao kwa sababu tochi waliyokuja nayo ilikuwa tayari inakubali lithiamu.

Kuna mtego mmoja niutaje peke yake. Ipo lithiamu yenye namba 14500, ambayo kwa umbo ni sawasawa na betri ndogo ya kawaida ya redio au saa ya ukutani. Inaingia bila shida yoyote, lakini ina volti 3.7. Saa, redio ndogo, tochi ya betri mbili, vyote vinaweza kuungua. Soma maandishi ya ubavuni kabla ya kuingiza.

Kama tochi yako ni ya volti 3 na unaipenda, zipo lithiamu za kuchaji zenye saketi ndogo ndani inayoshusha umeme hadi volti 1.5. Nyingi zina tundu la waya wa simu ubavuni. Hizo unaziweka kama ulivyokuwa unaweka za kutupa.

Mbona tochi yangu ya kuchaji ilikufa baada ya miezi michache? Si ndiyo lithiamu hiyohiyo?

Hapana, na naomba tulielewe hili, kwa sababu tochi hizo zimewakatisha watu wengi tamaa. Tochi ya plastiki yenye miguu miwili ya kuchomeka ukutani, mara nyingi ndani yake mna betri ya asidi na risasi ya volti 4, ndugu mdogo wa betri ya gari. Betri hiyo inataka kukaa imejaa. Ukiiacha tupu kabatini wiki kadhaa, bamba zake zinashika ukoko mgumu na haipokei umeme tena. Wengi wetu tunachaji tochi siku umeme ukikatika na kurudi, halafu tunaisahau, na ndivyo inavyokufa.

Lithiamu ni kinyume chake. Haipendi kukaa imejaa pomoni siku nyingi, wala haipendi kukaushwa kabisa. Inafurahia kuishi katikati. Ukiikuta imebaki nusu, ichaji; huhitaji kusubiri iishe.

Na ile tochi ya kuchomeka, usiifungue ikiwa imechomekwa. Nyingi hazina transfoma ndani, kwa hiyo umeme wa ukutani unafika hadi kwenye saketi na unaweza kukupiga vibaya.

Ikiisha chaji porini, naweza kuianika juani kama betri za kawaida?

Usifanye hivyo kamwe. Betri kavu ukiianika juu ya bati inarudi kidogo, kwa sababu joto linachangamsha dawa iliyobaki ndani, ndiyo maana unapata nusu saa ya redio. Lithiamu haina cha kuchangamshwa. Joto linaizeesha, na likizidi sana linaipasua. Usiiache kwenye dashibodi ya gari, juu ya bati, wala kwenye mchanga wa mwalo mchana. Kuing'ata nako ni hivyohivyo: mbavu za betri kavu tuliziuma utotoni, hii ukiibonyeza unaweza kugusanisha tabaka zake za ndani ikawaka.

Nitajuaje lithiamu ya kweli?

Anza na namba. Kwa kawaida 18650 nzuri inaishia karibu 3500 mAh, na chache mpya zinafika 4000 hivi, basi. Ukiona imeandikwa 6800, 8800 au 9900, huo ni uongo wa wazi, rudisha mezani kwa muuzaji. Iliyoandikwa 2200 au 2600 mara nyingi ni ya mtu mkweli.

Pili, uzito. Ya kweli inacheza kati ya gramu 42 na 50. Nimepima kwenye mizani ya sonara nikakuta yenye gramu 27. Nilipoifungua, ndani mlikuwa na betri ndogo bapa iliyofungwa karatasi, na nafasi iliyobaki ilijazwa unga mweupe. Ilikuwa imeandikwa 9900. Aliyeileta ni kijana wa Katonga aliyeinunua kwa akiba ya wiki mbili, na tochi yake ilikuwa inawaka dakika arobaini tu. Sikuwa na la kumfanyia zaidi ya kumwonyesha jinsi ya kupima, ili safari nyingine asipigwe tena. Ukiwa dukani bila mizani, shika mbili za aina tofauti, moja kila mkono. Tofauti ya gramu ishirini kiganja kinaisikia.

Tatu, uliza kama ina kinga. Yenye kinga ina kisahani chembamba cha saketi chini yake kinachokata umeme ikijaa kupita kiasi, ikikaushwa au ikigusana ncha kwa ncha. Kwa sababu hiyo inazidi urefu kidogo, inafika hata milimita 69, na tochi nyingine haziifungi. Nenda dukani na tochi yako mkononi.

Betri za laptop mbovu je?

Nyingi ni 18650 na nyingine bado nzima, lakini hazina kinga na hujui zimeishi maisha gani. Mimi nazipima kwanza kwa mita, kile kifaa cha kupimia volti. Iliyokaa chini ya volti 2 kwa muda mrefu siichaji hata iwe mpya kwa sura, maana shaba ndani yake huwa imeanza kuyeyuka na ukiijaza inaweza kugusana ndani kwa ndani. Kama huna mita, achana nazo.

Nichaji kwa chaja gani? Naweza kuiacha usiku kucha?

Tumia chaja iliyoandikwa volti 4.2, inayosukuma umeme sawasawa mwanzoni halafu inapunguza taratibu hadi kukata yenyewe. Tochi zenye tundu la waya wa simu zimebeba chaja hiyo ndani, na hiyo ndiyo rahisi kwa watu wengi. Usiunganishe betri moja kwa moja na waya uliokatwa wa chaja ya simu. Huo unatoa volti 5 na hakuna kitakachoizuia betri kupita kiwango chake.

Usiku kucha, chaja nzuri itakata. Lakini mimi nyumbani sichaji nikiwa nimelala, wala sichaji kitandani. Chandarua, godoro la sponji na betri yenye hitilafu ni hatari iliyolala chumba kimoja na watoto. Weka kwenye sakafu ya saruji au juu ya sinia la bati, jioni mkiwa macho.

Na sola?

Inafaa sana, hasa vijiji vya mwambao ambako umeme haujafika. Paneli ya wati 10 yenye tundu la waya wa simu, jua likiwa zuri, inajaza 18650 moja kwa saa mbili au tatu. Masika wingu likitanda panga siku nzima. Paneli iwe juani, betri iwe kivulini, vuta waya. Nyaya mbili tupu za paneli zisiguse betri, maana paneli ya kuchajia betri ya volti 12 inaweza kutoa karibu volti 20 ikiwa haijabebeshwa mzigo.

Tochi inazimika ghafla katikati ya ziwa. Ni mbovu?

Hapana, ndivyo ilivyo. Kwa kuwa mwanga wake haufifii taratibu, huoni dalili. Kinga inakata na giza linaingia mara moja. Kwa aliyezoea betri kavu hilo linatisha, na ana haki ya kutishika akiwa ndani ya mtumbwi usiku na upepo umeanza. Taa kubwa za kuvutia dagaa zina betri zake, lakini tochi ya mkononi ndiyo unayotafutia kamba, unayotazamia injini na unayowaashiria wenzako. Kwa hiyo nawaambia wavuvi wote: lithiamu mbili, moja kwenye tochi, moja imejaa ndani ya kijaluba cha plastiki chenye mfuniko, na mnabadilishana kila mnapotoka. Tochi ikiwa na mwanga wa ngazi tatu, tumia ya chini. Muda unaongezeka kuliko unavyodhani na macho yanazoea.

Wale wa asali wanaoingia misitu ya Uvinza na Kibondo usiku, ushauri ni huohuo, na mfunge plastiki nyekundu mbele ya lenzi. Nyuki hawaoni wekundu.

Kwa nini unakataza kuiweka mfukoni?

Njoo utazame betri yenyewe. Kichwa cha juu kile kidogo ni chanya. Ganda lote lililobaki, ubavu, chini, hadi ukingo wa juu unaozunguka kile kichwa, ni hasi. Kinachowatenganisha hapo juu ni kapete kadogo ka karatasi na nailoni nyembamba ya rangi. Nafasi kati yao haizidi milimita chache. Sarafu moja ya shilingi 200 ikilala pale, umeme wote unapita kwa mpigo.

Yalinikuta mimi mwenyewe. Niliiacha moja iliyochanika nailoni kwenye droo yenye skrubu, nikafunga droo kwa goti nikiwa na haraka. Baada ya muda nikasikia harufu tamutamu kama ya rangi ya kucha, nikaona moshi mwembamba kwenye ufa wa mbao. Nilivuta droo nzima nikaimwaga nje kwenye mchanga. Betri ilikuwa ya moto kiasi cha kuunguza plastiki iliyoigusa, na skrubu moja ilikuwa imejishika palepale juu kati ya kichwa na ukingo. Tangu siku hiyo kila betri isiyo kwenye tochi naiweka kwenye kijaluba chake. Nailoni ikichanika naivua na kuivalisha nyingine. Kapete nako nakabadilisha. Ni kazi ya dakika tano, leteni.

Ikipata moto au kuvimba nifanye nini?

Lithiamu bapa inavimba kama mto. Ya mviringo ina ganda la chuma, hiyo utaijua kwa joto, harufu au unyevu kichwani. Acha kuitumia, usiichome sindano kutoa hewa, ipeleke nje mbali na nyasi. Ikiwaka, maji mengi yanaipoza, na moshi wake usiuvute. Ondoa watu kwanza.

Tochi ikitumbukia majini?

Zima, fungua, toa betri mara moja, futa na kausha vyote kivulini. Betri iliyoshika kutu kichwani usiichaji.

Ziwa likifungwa, betri nizihifadhi vipi?

Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, na wengi walirudi kazini wakakuta tochi hazitaki kuwaka. Waliziacha tupu, ndani ya tochi ambazo swichi zake za kielektroniki zinanyonya kidogo kidogo hata zikiwa zimezimwa. Kwa miezi mitatu, fanya hivi: iache betri ikiwa nusu, kama volti 3.7 au 3.8 kwa mita, itoe kwenye tochi, iweke kwenye kijaluba mahali penye ubaridi ndani ya nyumba. Ikifika wiki moja kabla ya kurudi ziwani, ijaze na ujaribu usiku mmoja nyumbani. Mbalamwezi ikiwaweka nchi kavu siku chache tu, hakuna haja ya yote hayo. Msiichaji hadi juu mapema, subirini jioni ya kutoka.

Betri zilizokufa nizitupe wapi?

Tulipokuwa shule ya msingi tulivunja betri kavu zilizokufa kwa jiwe, tukatwanga ule unga mweusi na kupaka ubao. Nalisema hili kwa sababu watoto bado wanavunja betri wanazookota, na lithiamu iliyopigwa jiwe inaweza kuwarukia moto usoni. Kwa hiyo isitupwe jalalani, isitupwe ziwani, isitupwe jikoni wala chooni. Bandika selotepu ncha zote mbili. Hapa kwangu nina ndoo kavu yenye mchanga chini ya meza, upande wa kulia. Hata kama tochi hukuinunua kwangu, lete betri yake uitie humo, na nikipata mnunuzi wa taka za umeme anayezipeleka kwenye urejelezaji nampa zote kwa pamoja.